Barua kwa Mwanangu: Kucha Zetu, Magoti Yetu na Mtoto Mnayemtamani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ugonjwa uliourithi kwangu unaweza kumpata mtoto mnayetaka kumzaa, na kama ni busara kumzaa. Swali la kwanza lina jibu la hakika. La pili ni lako na mumeo, nami sitawaamulia.

Ugonjwa wetu, ambao madaktari wameupa jina la kucha na pia za magoti (pia ni ule mfupa mdogo wa mbele ya goti) kwa sababu huko ndiko unakoonekana upesi, humpata takribani mtu mmoja kati ya 50,000. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni iitwayo LMX1B, iliyoko kwenye kromosomu ya 9 na kutambuliwa mwaka 1998. Mtoto akiwa bado tumboni, jeni hiyo husaidia kuupanga mkono ili upande wenye kucha utofautiane na kiganja, na huhusika pia katika kujengeka kwa goti, figo na jicho. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, na nakala moja yenye hitilafu inatosha kuleta ugonjwa. Kwa hiyo kila mimba yako ina uwezekano wa nusu kwa nusu, awe mtoto wa kike au wa kiume, na matokeo ya mimba ya kwanza hayabadilishi chochote katika ya pili.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuwa nao katika ukoo wetu, na kwa sababu hiyo yalisemwa mengi kuhusu laana. Usiyabebe maneno hayo. Takribani mgonjwa mmoja kati ya wanane huanza na hitilafu mpya ambayo wazazi wake hawakuwa nayo.

Kipimo cha jeni kinaweza kuonyesha kama mtoto ameirithi hitilafu, lakini hakiwezi kutabiri uzito wa ugonjwa. Tutazame sisi wawili: pia zangu za magoti ni ndogo na huteguka ninaposhuka ngazi, ilhali wewe unatembea vizuri, ila viwiko vyako havinyooki na kucha za vidole gumba ni nusu tu. Zile pembe ndogo za mfupa zilizoonekana nyuma ya nyonga zako kwenye eksirei ni alama ya ugonjwa huu, wala hazina madhara.

Kinachonitia wasiwasi ni figo zako kuliko magoti. Protini inaweza kuvuja kwenye mkojo kwa miaka bila maumivu yoyote, na wachache miongoni mwetu hufikia figo kushindwa kufanya kazi. Presha ya macho nayo huweza kuanza mapema kuliko kwa watu wengine. Kwa hiyo nakusihi upime mkojo na shinikizo la damu kila mwaka, upimwe macho mara kwa mara, na usizoee kumeza dawa za maumivu kama ibuprofeni bila ushauri wa daktari.

Kabla ya kushika mimba, mweleze daktari kuhusu ugonjwa huu, kwa kuwa baadhi ya dawa za kulinda figo hazifai kwa mjamzito, na shinikizo lako la damu litahitaji kufuatiliwa kwa karibu hadi ujifungue. Majibu ya mkojo yakitoka, nijulishe.

Baba yako