Jino Haliniumi, Niende kwa Daktari Kufuata Nini?

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii mwezi huu zinazunguka jambo moja, nalo ni uchunguzi wa meno kwa mtu ambaye haumwi. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kugusa kiini chake.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina umri wa miaka 41 na jino halijawahi kuninyima usingizi. Nasugua meno asubuhi na usiku. Mke wangu husisitiza twende pamoja kuchunguzwa, nami humjibu kwamba aendaye kwa daktari ni mgonjwa. Kuna haja gani ya kwenda nikiwa mzima? (Fundi seremala)

JIBU: Ndugu fundi, hoja yako ingekuwa na nguvu kama jino lingekuwa na desturi ya kulalamika mapema, lakini halina. Enameli, yaani tabaka la nje la jino, ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, ila haina neva hata moja, kwa hiyo inaweza kuliwa kwa miezi, pengine kwa miaka, bila mwenyewe kuhisi lolote. Bakteria wanaoishi kwenye utando unaonata juu ya meno hutumia sukari tunayokula na kutoa tindikali, na pH ya kinywa, kipimo ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, inapofika chini ya 5.5 hivi, madini huanza kutoka kwenye enameli. Baadaye mate huipunguza makali ile tindikali na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Mvutano huo hutokea kila siku kinywani mwa kila mtu. Anayeshindwa ni yule anayekula au kunywa vitu vitamu mara kwa mara hata mate yasipate nafasi ya kumaliza kazi yake.

Dalili ya kwanza ya kushindwa huko ni doa jeupe lisilo na mng'ao. Hapo hapajawa na tundu, na uozo unaweza kusimamishwa, hata kurudishwa nyuma, kwa floraidi, madini yanayoimarisha enameli, na kwa kupunguza sukari, bila jino kuchongwa. Ukishapenya hadi dentini, tabaka la ndani lililo laini zaidi, hutanuka chini kwa chini huku mdomo wa tundu ukibaki mdogo kama alama ya sindano. Wewe unayeshika mbao kila siku unajua namna bungua wanavyoweza kuacha uso wa ubao ukiwa safi ilhali ndani kumebaki unga. Maumivu ya kukesha, hayo unayoyangoja, kwa kawaida huja baada ya kiini cha jino chenye neva na mishipa ya damu kuvimba, na wakati huo mazungumzo yetu hayawi tena ya kuziba jino bali ya kutibu mzizi au kung'oa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na unaoongoza ni huo huo uozo wa meno usiotibiwa.

Huenda kinachokuzuia ni kutojua utakachofanyiwa, kwa hiyo nikueleze. Daktari huanza nje ya kinywa kwa kupapasa tezi za shingoni na chini ya taya. Kisha hutazama midomo, mashavu kwa ndani, kaakaa, na ulimi juu, pembeni na chini, kwa sababu saratani ya kinywa hupenda kuanzia mahali ambapo mtu mwenyewe hajioni. Meno hukaushwa kwa hewa, maana lile doa la mwanzo hufichwa na mate na huonekana jino likikauka. Baada ya hapo kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita huingizwa taratibu kati ya jino na ufizi, na utamsikia daktari akimsomea msaidizi wake namba: mbili, tatu, mbili, tatu, tano. Hiyo tano ndiyo habari. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kuanzia 4 tunashuku kwamba ufizi umeanza kuachana na jino, na hilo nalo haliumi. Picha ya eksirei hupigwa ikiwa tu ina sababu, hasa kuona uozo uliojificha kati ya meno mawili yanayogusana, mahali ambapo kioo cha daktari hakifiki na mswaki wako pia haufiki.

SWALI: Mwanangu daktari, nina kisukari kwa miaka 9 sasa. Fizi zangu hutoka damu nikisugua meno, nami nimeacha kusugua sehemu hizo ili zipone. Muuguzi wa kliniki ya kisukari ameniagiza nikamwone daktari wa meno. Sielewi sukari na meno vinakutana wapi. (Mama mstaafu)

JIBU: Shikamoo mama. Naomba jambo moja lianze leo kabla ya mengine yote: rudi kusugua sehemu hizo, kwa mswaki laini na mkono mwepesi. Ufizi wenye afya hautoki damu kwa kuguswa na mswaki, na huo unaotoka damu umevimba kwa sababu ya uchafu uliokaa kwenye shina la jino, hivyo kuuacha bila kusafishwa ni kuuongezea mzigo.

Utando laini tunaouita ukoga usipoondolewa hunyonya madini ya mate, na ndani ya siku chache huanza kugeuka ugaga mgumu kama jiwe. Ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua kutwa. Hutolewa kwa vifaa vya daktari. Uvimbe ukiwa ungali kwenye ufizi peke yake, usafi mzuri huuponya kabisa. Ukiteremka hadi kwenye mfupa unaoshika meno, mfupa huo hupungua na haurudi wenyewe, na ndiyo sababu watu wengine hupoteza meno yasiyo na tundu hata moja: yamelegea kama vigingi kwenye udongo uliomomonyoka.

Sasa tufike kwenye kisukari. Uhusiano wake na fizi unakwenda pande zote mbili. Sukari ikiwa juu kwenye damu, mwili hupambana na maambukizi kwa udhaifu na vidonda huchelewa kupona, basi fizi huharibika upesi zaidi. Kwa upande wa pili, fizi zilizovimba kwa muda mrefu huufanya mwili wote uwe katika hali ya mapambano, na hali hiyo hupunguza nguvu ya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wanaotibiwa fizi hupata nafuu, ndogo lakini yenye maana, katika kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Muuguzi wako amekuelekeza vyema sana. Siku ya kwenda, kula na kunywa dawa zako kama kawaida, chukua miadi ya asubuhi, na beba orodha ya dawa pamoja na vipimo vyako vya karibuni.

Kwa kuwa barua nyingine zimegusa moyo, niongeze hapa. Utasikia ikitangazwa kwamba meno mabovu huleta ugonjwa wa moyo. Ni kweli kwamba ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa mishipa ya moyo mara nyingi hukutwa kwa mtu mmoja, lakini sigara, umri na kisukari huchangia yote mawili, na haijathibitishwa kwamba kusafisha meno huzuia mshtuko wa moyo. Binafsi sipendi kumtisha mgonjwa kwa jambo lisilothibitishwa ili tu aje kwenye kiti changu. Lililo wazi ni hili: mtu mwenye vali ya moyo ya bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, anaweza kudhuriwa vibaya na bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu. Mtu wa namna hiyo ahakikishe daktari wake wa meno anaijua historia yake kabla hajaguswa.

SWALI: Tangu utotoni nimesikia kwamba meno huchunguzwa kila baada ya miezi 6. Rafiki yangu huenda mara moja kwa mwaka na meno yake ni mazuri kuliko yangu. Nani amekosea? (Mwanafunzi wa chuo)

JIBU: Hakuna aliyekosea. Miezi 6 ni desturi nzuri, ila si sheria ya maumbile. Mwongozo uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2004 na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unampa daktari nafasi ya kupanga kati ya miezi 3 na 24 kwa mtu mzima, na usiozidi miezi 12 kwa aliye chini ya miaka 18, kulingana na hatari aliyonayo kila mmoja. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yalikuta kwamba, katika muda wa miaka 4, watu wazima waliochunguzwa kila miezi 6 na wale waliopangiwa kwa kuangalia hatari yao hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Anayevuta sigara, mwenye kisukari, mwenye kinywa kikavu kwa sababu ya dawa, au aliyepata matundu mapya ya meno hivi karibuni asisubiri mwaka. Muulize daktari wako urudi kumwona lini na kwa nini. Akikutajia tarehe bila sababu, una haki ya kuuliza tena.

SWALI: Binti yangu wa miaka 6 ana gego lenye weusi. Mama mkwe anasema ni jino la utoto, litang'oka tu. Nimwache? (Mama wa mtoto mmoja)

JIBU: Usimwache, na kwanza hakikisha kwamba kweli ni la utoto. Karibu na umri wa miaka 6 huota gego la kwanza la ukubwani, nyuma kabisa ya magego ya utoto. Halisukumi jino lolote litoke, kwa hiyo wazazi wengi hawagundui kwamba limeota na hulihesabu pamoja na meno ya utoto. Jino hilo halina mrithi. Mwambie binti afungue kinywa mbele ya dirisha lenye mwanga, na uhesabu kuanzia katikati kwenda nyuma upande mmoja: la sita, kama lipo, ni la kudumu.

Hata likiwa la utoto, magego hayo hudumu hadi miaka 10 au 12. Likioza linaweza kutunga usaha na kudhuru jino linalokua chini yake, na likitolewa mapema mno majirani zake huinamia lile pengo na kulinyima nafasi jino lijalo. Daktari anaweza pia kufunika mifereji ya gego jipya kwa dawa maalumu inayoganda, kazi ya dakika chache isiyohitaji ganzi. Mtoto wako ajaye, Mungu akijalia, apelekwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, akizoee kiti hicho wakati hakijawahi kumuumiza. Na tafadhali, nyumbani asitishwe kwa kuambiwa kwamba asipotulia atapelekwa kwa daktari wa meno.

SWALI: Baba yangu hana hata jino moja, anatumia ya bandia. Naye aende? (Kijana mtunza baba)

JIBU: Aende. Saratani haihitaji meno, na hatari yake huongezeka kwa umri, hasa kwa aliyevuta au kutafuna tumbaku na kunywa pombe. Kidonda kisichopona kwa wiki 2, au baka jeupe au jekundu lisilofutika, kionwe bila kuchelewa hata kama hakiumi. Zaidi ya hayo, taya lisilo na meno huendelea kusinyaa, na meno ya bandia yaliyomkaa vizuri miaka 5 iliyopita huenda sasa yanacheza na kumchubua. Usiku ayavue, ayasafishe na kuyaloweka kwenye maji. Siku ya uchunguzi aje nayo, hata kama ameacha kuyavaa, kwa sababu daktari ataigeuza ile sehemu inayolala kwenye fizi, aitazame pamoja na kinywa, na kuona mahali hasa inapombana.