Mlishe Kwanza: Nilivyojifunza Kuacha Kuchagua wa Kumtendea Wema

Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa mtu mwema, na kwa kipimo nilichojiwekea mwenyewe nilikuwa mwema kweli. Nililipa karo ya mtoto wa ndugu yangu, niliwatembelea wagonjwa wa jumuiya yetu ya Wayahudi, na kila Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, meza yangu haikukosa mgeni. Lakini wageni wale nilikuwa nimewachagua mimi. Walikuwa watu niliowafahamu, wenye adabu, ambao nilijua hawangeomba zaidi ya kile nilichokuwa tayari kukitoa.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyesimama mlangoni pa duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Nairobi, yapata saa saba mchana, akaniambia kwamba hajatia kitu kinywani tangu jana. Chakula changu kilikuwa mbele yangu, chapati mbili na maharagwe. Badala ya kumkaribisha, nilianza kumhoji: ametoka wapi, ana watoto wangapi, kwa nini watoto hao hawamsaidii. Maswali mawili aliyajibu kwa upole, la tatu akalisikiliza tu, kisha akasema, "Asante, mwanangu," akaenda zake. Nilipotoka na sahani mkononi kumwita, alikuwa amekwisha kupotea katikati ya watu, na sijamwona tena.

Jioni ile nilifungua sheria za Rambam, yule mwanasheria na tabibu Musa bin Maimon aliyefariki Misri mwaka 1204, katika sehemu inayohusu haki za maskini. Nilikuwa nimewahi kuisoma, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sheria inasema kwamba maskini usiyemjua akikuambia, "Nina njaa, nilisheni," hachunguzwi. Analishwa papo hapo. Akiomba nguo, hapo inaruhusiwa kuuliza kwanza kama anasema kweli. Katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya wahenga wetu wa kale, wahenga walibishana juu ya jambo hili, mmoja akitaka mwenye njaa ndiye achunguzwe na mwingine akipinga, na sheria ikafuata maoni ya yule aliyetambua kwamba njaa ni maumivu ya saa hiyo hiyo na haiwezi kusubiri uchunguzi.

Talmudi hiyo hiyo inasimulia habari za Nahum wa Gamzu, aliyekuwa safarini na punda watatu wenye mizigo ya chakula na vinywaji, akakutana na maskini aliyemwomba amlishe. Nahum hakumkatalia. Alimwambia tu asubiri mpaka amshushe punda mzigo, na kabla hajamaliza, yule maskini akakata roho. Nahum alijilaumu maisha yake yote. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nafikiri kwamba yeye alikuwa na udhuru kuliko mimi, kwani mikono yake ilikuwa kwenye kamba za mzigo, ilhali mimi nilikuwa nimeketi na chakula kiko mezani.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: ondoa mahojiano kati ya njaa ya mtu na chakula chako. Nyumbani kwetu tulianza kupika zaidi kidogo kila asubuhi, na chakula hicho nakwenda nacho dukani katika hotipoti. Anayekuja na njaa hula, na haulizwi dini, kabila wala chanzo cha umaskini wake. Najua wengi wanaogopa kutapeliwa. Nami niliogopa, mpaka nilipokutana na maneno ya Rabi Elazar, mmoja wa wahenga wa Talmudi, kwamba inatupasa kuwashukuru matapeli, kwani kama wasingekuwapo tungekuwa tunatenda dhambi kila siku tunapowageuzia wahitaji mgongo. Kwa maneno mengine, tapeli ndiye udhuru wetu, na mimi nilikuwa nimeutumia udhuru huo kwa watu ambao hawakuwa matapeli.

Sisemi kwamba ufungue mkoba bila kiasi. Wahenga waliokutana mjini Usha waliweka kikomo, kwamba mtu asitoe zaidi ya sehemu moja ya tano ya mali yake, asije naye akawa mzigo kwa wengine. Mtu akiniomba fedha nyingi, au mkopo, namuuliza maswali, ila namuuliza faraghani na kwa heshima. Vilevile sheria yetu inataka mtu aanze na jamaa zake na maskini wa mji wake, jambo ambalo zamani nililitumia kujihalalishia kuishia hapo hapo, wakati sheria inazungumzia nani atangulie tu.

Fedha, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya jambo hili. Neno letu la Kiebrania "tsedaka" ni ndugu wa neno "sadaka" mnalolijua, na kwetu limebeba maana ya haki. Lakini juu ya sadaka wahenga waliweka "hesed", yaani hisani, wakaeleza sababu: sadaka hutolewa kwa mali, hisani kwa mali na kwa mwili, sadaka ni ya maskini, hisani ni ya maskini na tajiri, sadaka ni ya walio hai, hisani ni ya walio hai na waliokufa. Nilipolizingatia hilo niliona kwamba nilikuwa nimewanyima hisani hata watu wasiohitaji shilingi yangu.

Hapo ndipo nilipoanza na salamu. Inasemwa juu ya Yohanan ben Zakkai, kiongozi wa Wayahudi katika siku za kuangushwa kwa Hekalu mwaka 70, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumtangulia kwa salamu, hata asiye Myahudi sokoni. Jaribu kwa juma moja tu. Mimi nilikuwa nikipita kwa mlinzi wa lango letu kila alfajiri bila kumtazama usoni, na nilipoanza kumtangulia kwa salamu na kusubiri jibu, niligundua kwamba kwa miaka minne sikuwa nimelijua jina lake.

Lililokuwa gumu kuliko yote lilimhusu jirani yangu wa biashara. Tulikuwa tumegombana juu ya mtaro wa maji kati ya maduka yetu, tukafikia kutosemeshana. Siku moja mkokoteni uliomletea saruji ulipinduka mbele ya duka lake huku mvua ikianza kunyesha. Torati, katika Kutoka 23, inaamuru kwamba ukimwona punda wa anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo wake, umsaidie, na Talmudi inaongeza kwamba hata kama rafiki anahitaji msaada wakati huo huo, adui atangulizwe, ili uitiishe nafsi yako. Nilisimama pale kitambo, nakiri. Kisha nikaenda, tukabeba mifuko kimyakimya hadi yote ikawa ndani. Hakunishukuru, na nisingependa kumdanganya msomaji kwamba tulipatana siku ile. Kilichobadilika kilikuwa ndani yangu: ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye umebeba mzigo wake mabegani.

Wapo wanaodhani kwamba Myahudi anaamriwa kuwapenda Wayahudi wenzake tu. Talmudi inatutaka tuwalishe maskini wasio Wayahudi, tuwatembelee wagonjwa wao na kuwazika wafu wao, kwa ajili ya njia za amani. Na Rambam, anapoieleza sheria hiyo, anaiegemeza juu ya Zaburi ya 145, kwamba Bwana ni mwema kwa watu wote na rehema zake zi juu ya kazi zake zote. Mhenga Rabi Akiva alisema kanuni kuu ya Torati ni kumpenda jirani kama nafsi yako. Mhenga mwenzake, Ben Azzai, alitaja iliyo kubwa zaidi, maneno ya Mwanzo 5 yanayotukumbusha kwamba sote tumetoka kwa baba mmoja: "Hiki ndicho kitabu cha vizazi vya Adamu." Kiswahili hakihitaji kufundishwa hilo, kwa kuwa kinamwita kila mtu binadamu.

Mimi mwenyewe nililelewa karibu na Mbale, Uganda, miongoni mwa Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Uganda iliyoanzishwa na jemadari Mganda Semei Kakungulu mwaka 1919, ambayo chini ya Idi Amin ilikatazwa kuabudu ikasali kwa siri. Watu wa huko wangeweza kujifungia. Badala yake, mwaka 2004, mmoja wao, J. J. Keki, alipita kwa majirani zake Waislamu na Wakristo, wakaunda pamoja ushirika wa kahawa unaoitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Mwaka jana baba wa jirani yangu alifariki. Sisi huita huduma kwa maiti hisani ya kweli, kwa kuwa maiti hawezi kulipa. Nilifunga duka mapema, nikaenda matangani, nikasaidia kupanga viti, kisha nikaketi karibu naye hadi usiku wa manane. Habari ya mtaro hatukuigusa.