Mshono umeanza kuuma upya, nisubiri?

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina siku nane tangu nijifungue kwa upasuaji. Mshono ulishaanza kupoa, ila tangu juzi upande wa kulia unauma upya, na jana nilikuta majimaji ya njano kwenye chupi. Homa sina. Mama mkwe anasema ni kidonda kinajikausha. Nisubiri kliniki ya wiki ya sita?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisubiri, nenda leo, na mtoto umbebe.

Kilichonishtua kuliko hata hayo majimaji ni kwamba maumivu yalishapoa, yakarudi. Mshono unaopona hupungua kuuma kidogo kidogo kila kunapokucha. Ukigeuza njia, tena upande mmoja, pana jambo. Na wiki ya sita ni mbali mno. Uambukizo mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo, mama akiwa nyumbani na macho ya kila mtu yako kwa mtoto.

Majimaji mepesi, machache, yasiyo na rangi au yenye uwaridi, siku za mwanzo hayanitishi. Yakiwa mazito, ya njano au ya kijani, au yakinuka, huo ni usaha. Ganzi na muwasho juu ya mshono navyo ni kawaida, hata kwa miezi.

Hiyo homa nayo usiitegemee. Kama unameza paracetamol, joto linashushwa. Pima kabla ya dozi inayofuata. Nyuzi 38 au zaidi si za kupuuza. Na wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, kwa hiyo shika kioo, inua mkunjo wa tumbo, gusa kwa mgongo wa mkono. Penye uambukizo huwa pa moto, pamevimba, pagumu.

Mama mkwe mheshimu, lakini akikushauri unga wa kapsuli za dawa, usinyunyiziwe kidondani. Huko hospitali huenda wakaufungua mshono kidogo usaha utoke, wakusafishe, wakupe antibayotiki. Waambie unanyonyesha, dawa nyingi za aina hiyo hazizuii kunyonyesha.

Ila ukitetemeka kwa baridi, ukahema haraka, moyo ukaenda mbio, akili ikavurugika, mshono ukaachia, au damu ya uzazi ikanuka huku chini ya kitovu kunauma, hata iwe saa nane za usiku, usingoje kuche.