Tongoni si ya Wareno

Hapana dada, Wareno hawakujenga Tongoni, yale magofu ya kale karibu na Tanga, hata kama mtu alisema hivyo kwenye ile jioni ya mazungumzo ya mambo ya kale. Msikiti na makaburi yale ni ya karne ya 14 na 15. Baharia Mreno Vasco da Gama alifika mwambao huu mwaka 1498, akakuta watu na miji yao. Pengine mkanganyiko unatokana na meli yake São Rafael: ilikwama kwenye mafungu ya Mtangata, ndiyo Tongoni hiyohiyo, na waliporudi kutoka India mwaka 1499 wakaichoma hapohapo kwa uhaba wa mabaharia. Kuchoma meli si kujenga msikiti!

Nenda kajionee, ni kusini tu ya Tanga mjini, barabara ya Pangani. Ukuta ni matumbawe na chokaa, na kwenye nguzo za makaburi kuna vishimo vya mviringo. Pitisha kidole, ndimo yalimopachikwa mabakuli ya kaure. Kigae chenye maandishi ya Kiajemi kiliwahi kuonekana pale, ila bidhaa ya kuletwa na jahazi haithibitishi nani alijenga.

Na aliyeuliza jioni ileile mbona wale wapiga muziki wanne wa fidla hawakuwa na kiongozi wa kupunga kijiti: muziki wa aina ile haumhitaji. Fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na selo (kubwa zaidi, ya sauti nzito), kila mmoja na sauti yake, wanaangaliana machoni na kusikiliza pumzi. Wazee wa taarabu wanalijua hilo vizuri.