Maswali ya Wasomaji: CD Tupu Ipi Inafaa Kuchomea Nyimbo?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu alituachia kanda nyingi za taarab, nyingine alizirekodi mwenyewe harusini. Mwaka juzi nilizihamishia kwenye kompyuta, nikanunua kopo la CD tupu 50 kwa bei nafuu, nikawachomea ndugu zangu na kuzijaza kila moja mpaka pomoni. Sasa shangazi ananilalamikia kuwa nyimbo za mwanzo zinapigwa vizuri, lakini mbili za mwisho zinakatakata. Amezisugua kwa dawa ya meno bila mafanikio. Je, nitajuaje CD tupu iliyo bora kabla sijarudia kazi hii? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu. Uliposema kuwa nyimbo za mwisho ndizo zinazokatakata, ulinipa nusu ya jibu. Santuri huanza kupigwa ukingoni, lakini CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa mwisho wa CD iliyojaa hukaa pembezoni kabisa, na huko ndiko CD hafifu huanza kuumbuka: rangi haikutandazwa sawasawa, vanishi haikuziba ukingo vizuri, na vidole vya kila anayeishika hupita hapo hapo.

Nimetaja rangi kwa sababu ndiyo roho ya CD tupu. CD ya nyimbo iliyotoka kiwandani hupigwa chapa kama muhuri, ilhali CD-R, yaani CD tupu ya kuchomea mara moja, ina tabaka la rangi ya kikemikali ambalo leza huliunguza kwa alama ndogo sana, ndiyo maana tunasema tunachoma. Rangi zinazojulikana zaidi ni tatu. Saianini, iliyotumiwa na Taiyo Yuden ya Japani, ina ukijani wa kibuluu na haipatani na jua. Azo, iliyobuniwa na Mitsubishi Chemical, ni buluu iliyokoza, nawe utaikuta kwenye CD za Verbatim zenye neno AZO kwenye kopo. Fithalosianini huonekana kama haina rangi, na huvumilia mwanga kuliko saianini, lakini kwa kuwa hutumiwa na watengenezaji makini na wa bei ya chee pia, usiichukue kuwa ni dhamana.

Jina lililoandikwa kwenye kopo nalo lisikulevye. Makampuni mengi hayana kiwanda cha CD. Hununua kwa wengine na kubandika nembo yao, na yakibadilisha muuzaji, kopo hubaki lilelile huku kilichomo kikiwa kingine. Taiyo Yuden, ambayo wachomaji wengi waliiona kuwa bora kuliko zote, iliacha biashara hii mwaka 2015, na Verbatim yenyewe iliuzwa mwaka 2019 kwa CMC ya Taiwani. Kwa hiyo sifa ulizosimuliwa na rafiki aliyenunua miaka kumi iliyopita huenda ni za bidhaa isiyokuwepo tena.

Njia ya kumjua mtengenezaji ni kuiuliza CD yenyewe. Kila CD-R ina msimbo uliochongwa tangu kiwandani kwenye mfereji wake, yaani njia nyembamba ya mzunguko ambayo leza huifuata, na programu ya bure kama ImgBurn itakuonyesha msimbo huo mara utakapoingiza CD kwenye kompyuta. Ukiona 97m26s66f, hiyo imesajiliwa kwa CMC; 97m24s01f ni ya Taiyo Yuden. Msimbo unaweza kughushiwa, lakini angalau hutabaki gizani. Kisha inue CD mbele ya taa, upande wa chini ukikuelekea. Ukiona vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga kama nyota, au rangi iliyofifia kwa mabaka kuelekea ukingoni, irudishe dukani. Mimi hununua chache kwanza, nikachoma moja na kuisikiliza hadi mwisho kwenye deki kuukuu, kwa kuwa deki mpya husamehe makosa mengi.

Huenda ukajiuliza kwa nini CD ya nyaraka iliyotoka kopo lilelile bado inafunguka. CD ya data huhifadhi ndani yake maelezo ya ziada ya kusahihisha makosa, ambayo CD ya muziki haina. Kipande kimoja cha CD ya muziki hubeba baiti 2,352 zote za sauti. Kwenye CD ya data, baiti 2,048 ndizo zako na nyingi kati ya zilizobaki ni ulinzi. Deki ikishindwa kusoma sauti, hubahatisha kwa kuangalia kilichotangulia na kinachofuata, na ikizidiwa ndipo unaposikia kukatakata.

Sasa turudi kwenye kanda za baba. Kama ni za dakika 90, hazitoshi kwenye CD moja ya dakika 80, na nadhani hapo ndipo ulipoanza kubana. Weka upande mmoja wa kanda, yaani dakika 45, kwenye CD moja. Utatumia CD nyingi zaidi, lakini hutaufikia ule ukingo wenye matatizo. Zile zinazojinadi kwa dakika 90 au 99 ziache kabisa, kwani zimebana mfereji kupita kipimo kilichowekwa. Kasi ya kuchoma ya 52 iliyoandikwa kwenye kopo ni kikomo tu, si amri: chagua 16 au 24. Kushuka hadi kasi ya 1 au 2, kama wazee wa kazi hii walivyotufundisha, hakuzifai rangi za leo, ambazo zimetengenezwa kwa leza inayopita haraka.

Mwisho, mwambie shangazi kwa heshima kuwa dawa ya meno hulainisha mikwaruzo ya upande wa chini tu, ambako kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja. Nyimbo zimekaa upande wa juu, chini ya vanishi nyembamba, kwa hiyo kucha au kalamu ngumu upande wa maandishi hudhuru zaidi. Andika kwa kalamu laini ya CD, usibandike karatasi, na usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani. Mafaili ya sauti yahifadhi pia kwenye diski ya nje, kwa sababu CD ya shangazi haitapona. Itabidi umchomee nyingine.

SWALI: Duka moja hapa Mombasa linauza CD tupu zilizoandikwa kuwa ni maalumu kwa muziki, kwa bei ya juu. Je, sauti yake ni bora? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana. CD hizo zina alama inayotakiwa na mashine za kurekodia za nyumbani, zile zinazochoma bila kompyuta, na katika nchi kama Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1992, bei yake hujumuisha tozo ya wenye hakimiliki. Kompyuta haijali alama hiyo. Nunua CD-R ya kawaida iliyo nzuri, ila usichukue CD-RW, ile inayofutika na kuchomwa upya, ukidhani ni ileile, kwani hurudisha mwanga hafifu na deki nyingi za zamani hazizisomi.