Mafuta ya Mlonge: Majibu kwa Wakulima wa Nchi Kavu

Nimepanda mlonge Dodoma, mvua ni haba. Mafuta hayatakuwa duni?

Hapana. Asili ya mti huu ni chini ya milima ya Himalaya, kaskazini-magharibi mwa India, na ukame umeuzoea. Jua likizidi, maua hupukutika, hivyo utavuna mbegu chache. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yenyewe, takriban asilimia 70 au zaidi, hubaki asidi ya oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni.

Wengi huharibikiwa baada ya kuvuna, na hilo ndilo linaloniuma. Acha maganda yakaukie mtini hadi yageuke kahawia, uyachume kabla hayajapasuka. Anika mbegu kivulini penye upepo, na usizifunge kwenye mfuko wa plastiki zikiwa na unyevu: zitaota ukungu na mafuta yatakuwa makali. Kabla ya kukamua, pasua mbegu kadhaa. Kiini kizuri ni cheupe, na ukikiminya kwa ukucha kinaacha mafuta kidoleni. Vilivyogeuka kahawia vitoe vyote; vichache tu huharibu dumu zima.

Nasikia mbegu ina mafuta asilimia 40. Mbona mashine yangu inatoa kidogo?

Asilimia 30 hadi 40 ni vipimo vya maabara, ambako mafuta hutolewa kwa kemikali. Mashine huacha mengi kwenye mashudu. Ukizikaanga mbegu utapata zaidi, ila rangi na harufu hubadilika. Kama mteja wako ni wa vipodozi, usikaange.

Mafuta yaliganda asubuhi ya Julai. Nimeuziwa yaliyochakachuliwa?

Kuganda peke yake si ushahidi. Yana asidi ya beheniki, kama asilimia 5 hadi 7, nayo huyafanya yawe mazito kwenye baridi. Tumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yatayeyuka. Ukinusa na kusikia harufu ya karanga zilizokaa sana, hapo ndipo ulalamike.

Mlonge wa Turkana ni huu huu?

Ni ndugu yake, mwenye asili ya kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Nao mafuta yake yamejaa oleiki.

Mashudu niwape mbuzi?

Usiwape hivyo hivyo. Ni machungu na yana viambata visivyofaa. Yatie shambani kama mbolea. Unga wake pia hukusanya tope kwenye maji machafu likazama chini, lakini maji hayo bado uyachemshe kabla ya kunywa.