Watu wa binti yangu hawana tumbo

Binti yangu ana miaka minne. Akichora mtu, miguu inatokea kichwani moja kwa moja, mikono inatokea masikioni. Mimi nafurahi mpaka nacheka peke yangu, ila mjomba wake anasema mtoto yuko nyuma. Mama, Dunda, Bagamoyo

Hongera, mama. Mjomba mwambie atulie. Watoto wa miaka mitatu, minne, wengi wao huanzia hapo hapo, awe wa Bagamoyo au wa Japani: duara, macho mawili, miguu mirefu. Kabla ya hapo ni machorochoro tu, na tumbo huja lenyewe baadaye bila kufundishwa. Akikaribia miaka sita huenda akakuchorea dau, na ubavuni ukawaona samaki wote waliomo pamoja na baharia aliyelala, mbao hazizuii kitu. Hilo nalo usilisahihishe. Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, na maneno aliyoyasema alipokuwa anachora, kisha uweke kwenye faili. Mikono ya masikioni haikai sana. Mwakani huenda usiione tena.

Mwanangu kachukua mkaa wa jikoni kachora basi ukutani, sebuleni. Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hana utani. Baba, Magomeni

Kaka, basi lenyewe limetoka vizuri? Hujasema. Usikimbilie ndoo, maana ukilowanisha mkaa unasambaa. Pangusa kwa brashi kavu, kisha paka chokaa juu yake. Halafu mtafutie kibao chake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vibao vya hadibodi na rangi za baiskeli, na leo michoro ya mtindo wake inauzwa mpaka Ulaya. Sakafu ya saruji uani nayo inafaa, mvua itaifuta.

Kila akinionyesha nasema “nzuri sana!” Sasa ananiletea karatasi kumi kwa siku, anasubiri neno hilo tu. Nifanyeje?

Sema unachokiona. “Naona bahari umeipaka nyekundu mpaka pembeni.” Kisha nyamaza, hadithi itakuja yenyewe: nani kazama, nani kamwokoa, mbona paka ana kofia. Usiulize “hiki nini?” Yeye anajua kinaonekana wazi, na swali hilo linamvunja moyo. Na kama unamenya vitunguu, mwambie nakuja, umalize, uende kweli.

Rangi za dukani ghali. Kuna njia nyingine?

Badala ya rangi, mpe donge la kufinyanga: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja ukimimina kidogo kidogo. Kanda mpaka usinate mikononi. Ukitaka wa njano, tia manjano. Afinyange, mkaushe juani. Mwangalie tu asiule, chumvi yake ni nyingi mno.

Mtoto wangu ana miaka sita na anajua kuchora kuliko kaka zake. TaSUBa watampokea?

Bado, ndugu yangu. Pale ni chuo, kilianza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kozi zake za stashahada ni za waliomaliza sekondari. Ila kuna tamasha lao la kila mwaka. Ulizia tarehe mapema, mpeleke na daftari na penseli, aone wapiga ngoma kwa macho yake. Kaeni karibu na mlango wa kutokea, kwa sababu ngoma ikianza kunoga ndipo atakapotaka kwenda chooni.